Kapu la Kuta Mbili

Lorna hakutaka kuingia.
Alibaki garini, injini ikinguruma, mkoba mapajani,
miaka sabini na tisa, kidevu juu
kama siku ile alipotia saini kule Wichita
akatoka nami ndani ya blanketi la manjano,
kichanga cha wiki tatu, nywele nyeusi zimesimama wima.
Mwaka ulikuwa wa sabini na moja.
Sheria ya kuuliza "Huyu ni wa nani?"
ilikuwa bado miaka saba izaliwe.

Mimi nikaingia.

Asubuhi hiyo, Tahlequah, ofisi ya usajili
ilitaka cheti cha aliyenizaa, na cha mama yake,
na cha bibi yake, ngazi baada ya ngazi
hadi kwenye jina lililomo katika daftari la kale.
Nilikuwa na cha Lorna tu.
Nje, vibao vya mtaa vilikuwa na maandishi mawili,
na yale ya Kicherokee nilidhani nayajua:
ile D, ile R, ile T,
herufi zangu za darasa la kwanza kwa Wamenoni,
zilizobandikwa juu ya picha ya shamba la ngano.
Kumbe D ni a. R ni e. T ni i.
Nyuso nilizozizoea, na kila moja
ikanijibu kwa sauti ya mtu mwingine.
Vioo vimekuwa vikinifanyia hivyo tangu utotoni.

Oleta Kingfisher, dada wa aliyenizaa,
hakunikumbatia. Alinitazama masikio.
"Ya Jincy," akasema. Basi.
Jincy mwenyewe amelala nyuma ya kanisa, chini ya mierezi,
miaka kumi na mmoja sasa. Nimechelewa.

Nikapewa kigoda, kisu,
na fungu la mitambaazi iliyochemshwa hadi ganda likalegea.
Kapu la kwao huanzia kitakoni, kwa ndani,
hupanda, na likifika mdomoni haliishi:
hupinda, likashuka kwa nje
mpaka likutane na pale lilipoanzia.
Kuta mbili, ugwe uleule.
Hakuniambia maana yake. Alisema tu, usikaze sana.

Mkataa kwao ni mtumwa, sawa.
Aliyekatwa kwao, huyo tumwiteje?
Na kitovu changu, Oleta, mlikizika wapi?
"Hospitali walikichoma," akasema. "Menya."

Nikamenya.
Akanitazama mikono kwa muda mrefu.
"Nani alikufundisha kuvuta hivyo,
kwa kidole gumba, kuelekea kifuani?"
Viazi, nikasema. Jikoni Kansas. Aliyenifundisha
yuko pale nje, garini.

Oleta hakusema kitu.
Jikoni kulikuwa na mayai na vitunguu mwitu,
vile vya Machi, vyembamba kama uzi,
alivyochimba kando ya kijito akiwa amepiga magoti.
Akapakua sahani, akatoka na ndara zake.

Niliwaona dirishani.
Kioo cha gari kilishuka nusu.
Kisha chote.
Mkono mmoja wa madoa ya uzee, mmoja wa makovu ya kisu,
na sahani katikati.
Walichosemezana sikukisikia, wala sijakiuliza.
Ila injini ilizimwa.

Jioni kapu langu lilikuwa na kimo cha vidole vitatu,
ukuta wa ndani pekee,
nyuzi zimesimama wima kama nywele za kichanga.
Nikaliweka kiti cha nyuma.
"Chumvi haikutosha," alisema Lorna,
akifuta sahani kwa kidole, akikilamba.
Kisha: "Sahani ni yake. Amesema niirudishe mwenyewe."

Nikaiondoa gari kinyumenyume penye changarawe.
Gia ilikuwa kwenye R. Nikatamka: e.
Nikaivuta hadi D. Nikatamka: a.
"Unasemaje?"
"Nasoma, mama."